Masikio Yetu na Shahada ya Pili

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi na mwanachama mmoja wa karakana ya mabehewa)



Mimi si mtu wa hotuba. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na mengine nimeyapata kwa kusoma magazeti nikingoja gari. Nikikosea mtanisahihisha, lakini nisikilizeni kwanza mpaka mwisho, maana najua wengine wenu mmekwisha kata shauri kabla ya kuingia humu.

Jambo lililo mbele yetu ni hili. Binti wa mwenzetu, marehemu fundi wa vyuma ambaye wengi hapa mlimjua, amemaliza shahada ya kwanza, na Chuo Kikuu kimemkubali aendelee na shahada ya pili. Anataka kuchunguza masikio ya watu wa karakana. Karo hana. Kamati inauliza kama tawi litachanga.

Nimesikia maneno yanayosemwa wakati wa chai. Mmoja alisema, "Amesoma miaka kumi na sita, bado hajashiba?" Mwingine akasema, "Watoto wetu wamerudishwa nyumbani kwa karo, nasi tumchangie mwenye digrii?" Maneno hayo si ya kipumbavu. Mimi mwenyewe niliyasema kabla yenu, na sababu ninayo. Nilipokuwa darasa la sita, wazee wa kijiji chetu walichangia kijana mmoja aende ng'ambo. Mama yangu aliuza kuku wanne. Tulimpeleka mpaka barabarani kwa nyimbo. Ilikuja barua moja, na picha yake amevaa koti zito, basi. Mama alikuwa akiuliza habari zake mpaka akachoka kuuliza. Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba nimesahau bei ya wale kuku.

Lakini hebu tutazame mambo yaliyotokea katika nchi hii, na yaliyotokana na chama cha wafanyikazi. Tom Mboya alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyikazi wa Kenya tangu 1953. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi, ambacho vyama vya wafanyikazi vya Uingereza vilikichangia. Aliporudi alijua jinsi mchango unavyoweza kumfikisha mtu darasani. Mwaka 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Huko Marekani watu kama Jackie Robinson, mchezaji wa mpira, na Harry Belafonte, mwimbaji, waliandika barua kuwaomba wananchi wenzao watoe pesa. Huku kwetu wazazi waliuza mbuzi na kufanya karamu za chai ili mtoto apate viatu na pesa ya mfukoni. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Mpaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu wanafunzi 800.

Katika kundi la 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, Wangari. Ninyi nyote mnamjua kwa jina la Wangari Maathai. Mwaka 1964 alipata shahada ya kwanza katika mambo ya viumbe, katika chuo kidogo cha watawa huko Kansas. Sasa angalieni hapa, maana hapa ndipo penye shauri letu. Kama watu wangesema "inatosha, amekwisha soma," angerudi na karatasi moja. Lakini shirika lingine, Africa-America Institute, lilimlipia shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huko ndiko alikojifunza kazi ya uchunguzi yenyewe, kukata kitu kidogo na kukitazama kwa darubini mpaka kiseme kilicho ndani yake. Akarudi Nairobi, na mwaka 1971 akapata udaktari wa elimu, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Kisha akawa anachunguza ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Alikwenda mashambani nje ya Nairobi kukusanya kupe, na huko akaona mito imejaa udongo, majani hakuna, na ng'ombe wamekonda mbavu nje. Akaona kwamba adui mkubwa wa ng'ombe hakuwa kupe peke yake, bali nchi yenyewe iliyokuwa ikichukuliwa na maji. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti, nayo mnaijua mpaka leo. Waliolipa karo ya Pittsburgh hawakujua habari za udongo wa Kenya. Walimlipia mtu ajifunze kutazama.

Shahada ya kwanza tunaichinjia mbuzi. Ya pili hakuna mtu anayeichinjia hata kuku. Ndiyo maana vijana wengi huishia mlangoni, na wanaoendelea huchunguza jambo analolitaka mwenye pesa. Sisi hatujawahi kutoa hata senti, tena twashangaa kwa nini hakuna aliyekuja kutuuliza habari za masikio.

Nanyi mnajua habari za masikio. Mke wangu huniambia nisimfokee, hali mimi nadhani nasema polepole. Watoto hufikiri nimekasirika. Kuna mzee wetu aliyestaafu ambaye haendi tena kanisani, kwa sababu asema mhubiri anatikisa mdomo tu. Mwenzetu mmoja aliwahi kuandika kudai haki yake, akajibiwa alete ushahidi kwamba uziwi ulitoka kazini na si kwa uzee. Ushahidi atautoa wapi? Nyundo haitoi risiti.

Binti huyu ameeleza mbele ya kamati atakavyofanya. Kila mtu atakaa katika chumba kimya, avae visikizi, na mashine itoe sauti, nene na nyembamba, kubwa kisha ndogo. Ukisikia, unainua mkono. Kelele za kazi huharibu kwanza kusikia zile sauti nyembamba, hata mtu bado anadhani hana neno. Atapima wa karakana, apime na makarani wa umri ule ule, kisha alinganishe kwa miaka ya kazi.

Na miaka ya kazi iko wapi? Iko katika daftari zetu. Hapa nawakumbusha habari ya Marekani. Daktari Irving Selikoff alitaka kujua kama asbesto inaua mafundi wanaofunika mabomba. (Hata injini za mvuke zilifunikwa kwa asbesto, na wazee wetu waliigusa kwa mikono mitupu.) Chama cha mafundi hao cha New York na New Jersey kilimfungulia vitabu vya wanachama. Yeye na wenzake wakafuata habari za watu 632 mpaka mwaka 1962. Wakaona 45 wamekufa kwa saratani ya mapafu au utando wake, hali kwa hesabu ya watu wa kawaida wangetazamiwa kama 7 tu. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 1964, na tangu hapo ikawa vigumu kumwambia fundi kwamba ni sigara tu. Mchango wa wale mafundi ulikuwa majina ya wenzao waliokufa, yaliyoandikwa vizuri.

Basi nasema tuchange, lakini si kama kijiji chetu kilivyofanya. Kwanza, mfuko wa mazishi usiguswe hata shilingi moja. Pili, pesa zilipwe Chuo Kikuu kwa kila muhula, asipewe mtu mkononi. Tatu, kila miezi sita binti aje hapa ukumbini atueleze kwa Kiswahili alichokiona, kiwe kizuri au kibaya kwetu. Nne, jina la mtu na masikio yake yasipelekwe kwa mwajiri bila idhini ya mwenyewe. Hili la nne msiliache, kwa sababu mtu anaweza kupimwa leo na kesho akaambiwa hafai kazi.

Tuko wanachama 140. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi, ni 7,000, na kwa miezi 24 ni 168,000. Hazitoshi karo yote. Chuo Kikuu kimemwambia kwamba akiwa na sehemu, kitamsaidia kutafuta nyingine, na kamati imeiona barua hiyo. Asiyeweza 50 atoe 20, na aliye na mtoto aliyerudishwa nyumbani mwezi huu asitoe kitu, wala asiulizwe.

Mweka Hazina anayo karatasi ya majina pale mezani. Kura itapigwa baada ya hotuba ya ndugu anayepinga, naye nawaomba mmsikilize kama mlivyonisikiliza mimi. Wale wa zamu ya usiku wataletewa karatasi hiyo kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajatoka langoni.