MAPAMBO YA SIKUKUU KWA MIKONO YETU WENYEWE

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Bwana Katibu aliniomba nizungumze juu ya kazi za mikono, na hasa juu ya mapambo ya sikukuu ambayo mtu aweza kuyafanya nyumbani kwa gharama ndogo. Huenda wengine wakaona kuwa jambo hili ni dogo, lisilostahili kupewa saa ya mkutano wa wazee walioacha mashamba na maduka yao. Nawaomba mnivumilie. Katika Makadirio ya mwaka ujao, ambayo tutayapigia kura baada ya chakula cha mchana, limo fungu la fedha za kununua mapambo ya ukumbi kwa karamu yetu ya Desemba. Limo pia fungu la karo za Januari kwa watoto wa wanachama waliofariki. Mafungu yote mawili yatoka katika mfuko mmoja, na hali ya mfuko huo mmeisikia kwa Mweka Hazina asubuhi hii. Basi tukisema juu ya mapambo, twasema juu ya karo.

Kabla ya kufundisha yanipasa kuungama. Mwezi wa Desemba 2018 wanangu walio mjini waliniletea habari kwamba watakuja nyumbani pamoja na wakwe zao. Nikaona haya, nisije nikaonekana duni machoni pa wageni. Nikakopa fedha kwa njia ya simu, nikaenda mjini, nikanunua mti wa plastiki, taa za rangi za umeme, na mipira ya kung'aa. Jumla yake ilikuwa Sh. 7,400. Siku ya Krismasi nyumba ilipendeza, wala sikatai. Usiku wa pili taa zile zikazimika, zisiwake tena.

Januari ilipofika, mjukuu wangu ninayemlea, aliyekuwa akiingia Kidato cha Pili, alirudishwa nyumbani kwa sababu karo yake ilipungua. Kiasi kilichopungua kilikuwa kidogo kuliko bei ya yale mapambo. Alikaa nyumbani siku tisa. Siku moja alikuwa akifagia sebuleni, akaokota chini ya kabati mmoja wa ile mipira ya kung'aa. Akaniletea mkononi, akaniuliza kwa adabu, “Babu, huu niutupe au tuuweke?” Mimi niliyefundisha watoto wa watu miaka mingi, sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kupamba nyumba kwa vitu vilivyomo nyumbani. Niliyojifunza ndiyo nataka kuwaeleza leo.

Najua liko neno moja linalowazuia wengi wetu, nalo ni, “Watu watatucheka.” Wazee wangu, na tuulizane: tangu lini kazi ya mikono yetu ikawa aibu? Nendeni pwani, Lamu au Mombasa, mkamtazame bibi arusi. Avaapo kikuba cha asumini, mrehani na mkadi, hakuna asemaye kwamba amekosa fedha za kununua ua la dukani. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi hutandikiwa mgeni wa heshima, nao umetoka kwenye majani ya mkindu wa mwituni. Makuti mabichi ya mnazi huchanwa na kupindwa yakawa matao ya kupitia wageni. Huku bara, migomba mizima husimikwa pande mbili za lango siku ya shughuli kubwa. Nilikuwa mtoto wa shule Desemba 1963, nchi yetu ilipopata Uhuru. Tulipamba shule yetu kwa migomba na vipande vya karatasi tulivyovipaka rangi wenyewe. Sikumsikia hata mzee mmoja akisema kwamba Uhuru ule ulikuwa wa kimaskini.

Tena hata katika siku hizi, watu wa nchi nyingine wamekuja kustaajabia vitu tunavyovitupa. Huko Lamu mafundi walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalipamba ubavuni kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka 2019 jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lilisafiri kutoka Lamu hata Unguja, na kila bandari watu walitoka kulitazama. Ikiwa ndara zilizokatika zaweza kuwa pambo la jahazi, gazeti la jana laweza kuwa pambo la ukumbi. Wahenga walisema, “Usiache mbachao kwa msala upitao.”

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Nitataja mambo matano, yote nimeyafanya kwa mikono yangu.

Kwanza, minyororo ya karatasi. Chukueni karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja, kalenda za mwaka uliopita, au magazeti yenye picha za rangi. Karatasi ya kawaida ya kupigia chapa hukatwa vipande 9, kila kimoja upana wa sentimita 3. Pindeni kipande kiwe pete, gandisheni ncha zake, kisha pitisheni cha pili ndani yake, na kuendelea hivyo. Karatasi 2 hutoa mnyororo upatao mita 1. Ukumbi wetu una urefu wa hatua kumi na tano hivi. Basi karatasi 30 zatosha mnyororo mmoja wa kwenda kutoka mwisho hata mwisho, na ukining'inia kidogo katikati ndipo hupendeza. Gundi msinunue. Kikombe 1 cha unga wa ngano chataka vikombe 4 vya maji. Korogeni unga kwanza kwa maji baridi kidogo usifanye madonge, kisha mwimimine katika maji yanayochemka huku mkikoroga, hata iwe nzito kama uji. Ikipoa, tumieni siku hiyo hiyo, kwa maana ikilala huchacha, tena huita mende.

Pili, vibendera vya vitambaa. Kila fundi wa cherehani ana gunia la masalio, naye aghalabu hufurahi kuondolewa. Kateni pembetatu zenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 20, mzishone juu ya ugwe, mkiacha sentimita 5 kati ya moja na nyingine. Mita 1 itachukua vibendera 5. Kwa siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, chagueni nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Kwa Idi na kwa Krismasi tumieni rangi yoyote, hata vipande vya kanga iliyochakaa. Kazi hii ndiyo yenye faida kuliko zote, kwani kitambaa hufuliwa na kukunjwa, kikangoja sikukuu nyingine. Vyangu vya mwaka 2019 ningali navyo.

Tatu, maua ya maganda ya mahindi. Maganda ya nje ni magumu. Chukueni ya ndani, meupe na laini. Yaloweke majini kama robo saa mpaka yalegee, kisha yakateni kwa umbo la petali, myapange kuzunguka kijiti chembamba, na kuyafunga kwa uzi wa katani. Yaanikeni kivulini. Mkitaka rangi ya kahawia, yachemsheni pamoja na majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Mkitaka rangi ya njano, tieni bizari ya manjano ya jikoni. Lakini rangi hiyo haivumilii jua, basi maua hayo yakae ndani. Mabua makavu matatu yakipishanishwa na kufungwa katikati huwa nyota yenye ncha sita, na nyota hiyo haigharimu hata senti.

Nne, taa za mikebe. Mkebe wa maziwa ya unga au wa mafuta ya kupikia ukitobolewa matundu kwa msumari, na mshumaa mfupi ukawekwa ndani, hutoa mwanga wa nyota ukutani. Siri yake ni hii: kabla ya kutoboa, jazeni mkebe mchanga mbichi na kuushindilia sana, au tieni kigogo cha mti kinachoubana ndani, ili usibonyee. Makali ya mdomo wake yagongwe kwa nyundo mpaka yalale, yasikate mtoto. Msitumie kamwe mkebe uliokuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe wala dawa ya kunyunyizia mimea, hata ukioshwa mara kumi.

Tano, matawi mabichi. Sisi wa bara wengi tuna ua wa saiprasi kuzunguka miji yetu, nao wataka kupunguzwa kila mwaka. Basi upunguzeni katika juma la Krismasi, na matawi hayo yatakuwa mti wenu. Wa pwani wana mvinje. Lakini mtu asiingie msitu wa serikali na panga lake: Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yakataza kukata mti humo bila kibali, na faini yake itameza karo ya watoto wengi. Tawi lisimamishwe katika ndoo ya mchanga ulioloweshwa maji, na lilowekwe kila siku. Likianza kukauka na kupukutika, litolewe nje.

Hapa nasimama niseme kwa msisitizo juu ya moto. Saiprasi kavu huwaka kama iliyomwagiwa mafuta, kwa sababu ina utomvu. Na karatasi na makuti mwayajua. Mshumaa usiwekwe kamwe juu ya tawi, wala chini ya mnyororo wa karatasi. Taa za mikebe zikae nje, juu ya jiwe au udongo mtupu, mbali na paa la makuti, na awepo mtu mzima wa kuzilinda mpaka zizimwe. Pambo lolote la kutuletea msiba halitufai, hata kama ni la bure.

Bwana Mwenyekiti, iko faida nyingine ambayo sikuitazamia. Mwaka ule wa 2019, tulipoanza kufanya mapambo nyumbani, tulikaa barazani jioni tatu mfululizo. Mama wa watoto wangu alikuwa akisokota katani juu ya paja lake, kama alivyofundishwa na mama yake kwa ajili ya viondo. Wajukuu waliotoka mjini hawakuwahi kuona jambo hilo. Waliacha simu zao wakasogea. Mmoja akauliza katani hutoka wapi, na swali hilo likatufikisha kwenye habari za mashamba ya mkonge, na za babu yao mkubwa aliyefanya kazi huko, ambaye jina lake walikuwa hawalijui. Yale mapambo ya Sh. 7,400 niliyatundika peke yangu kwa nusu saa, wala hakuna aliyeniuliza neno.

Chama chetu kinalalamika kila mwaka kwamba vijana hawaji mikutanoni. Je, tumewaita kwa kazi gani? Tumewaita kuja kutusikiliza tukisoma hesabu. Tukiwaita Jumamosi mbili kabla ya karamu, wao wakate na kugandisha, akina mama wafundishe kufuma na kushona, na wazee wasokote kamba huku wakisimulia, nadhani watakuja. Na ndugu zetu Waislamu na Wakristo waliomo humu watakaa meza moja, kwa kuwa ugwe wa vibendera hauulizi dini ya anayeushika.

Kwa hiyo naomba kutoa shauri. Nashauri fungu la kununua mapambo lifutwe katika Makadirio ya mwaka ujao, na fedha zake zote ziongezwe katika fungu la karo. Badala yake, kila mwanachama alete kwenye ukumbi vitu vinne ambavyo angevitupa: karatasi, kitambaa, mkebe safi, au maganda ya mahindi. Mimi nitaleta mikasi na unga, nami nitafundisha bila malipo.

Wako wazee watakaosema kwamba ukumbi wa chama chenye jina kama chetu haufai kupambwa kwa takataka. Nawajibu kwa heshima. Mgeni akiingia karamuni atatazama kuta kwa muda mfupi, kisha atatutazama sisi. Lakini mtoto wa mwenzetu aliyefariki akirudishwa nyumbani mwezi wa Januari, ataitazama njia ya kurudi shuleni kila asubuhi. Jina la chama liko wapi katika hayo mawili, ninyi wenyewe mtaamua kwa kura zenu.

Nimalizie kwa ule mpira wa kung'aa. Sikuutupa. Kila Desemba huutundika katikati ya nyota za mabua na maua ya maganda ya mahindi, na mgeni akiuliza kwa nini mmoja tu, humweleza habari niliyowaeleza leo. Mjukuu wangu alimaliza Kidato cha Nne. Yeye ndiye anayenifungia nyota sasa, kwa sababu macho yangu yamepungua nguvu, na mafundo yake ni imara kuliko yangu.