MAZUNGUMZO JUU YA KUGUNDUA RISASI NA ZEBAKI MAJINI KWA UZI WA VINASABA

(Haya ni maneno aliyoyatoa Ofisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wananchi.)



Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikimsaidia mjomba kuyeyusha risasi ya chubwi juu ya seredani, katika kikaango kilekile cha kukaangia samaki. Hapana aliyetukataza, kwa kuwa hapana aliyejua.

Risasi ikiwamo majini haina harufu wala ladha. Huingia mwilini kidogo kidogo, hujikusanya mifupani, na anayedhurika zaidi ni mtoto, kwani huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa ni salama. Kwa maji ya kunywa limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, nacho ni cha muda tu. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi hubakia, na kila gilasi huwa nayo zaidi.

Kuipima kumehitaji mashine ghali na mtaalamu wa maabara. Ndipo ilipokuja njia ya vinasaba, yaani DNA. Mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce, huko Marekani, walionesha kuwa uzi wa DNA waweza kukata uzi mwingine kwa msaada wa risasi. Mwaka 2000 Jing Li na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois wakaufanya mkasi huo kuwa kipimo. Ncha ya uzi ukatwao hutiwa rangi ing'arayo. Karibu yake, kwenye uzi ukatao, huwekwa kitu kinachouzima mng'aro huo. Ioni za risasi zikifika, uzi hukatika, kipande chenye rangi hujitenga, na maji hung'aa. Kipimo hicho kiliweza kutambua risasi ya mikrogramu 2 hivi kwa lita, nayo ni sehemu ya tano tu ya kikomo nilichokitaja.

Zebaki ina njia yake. Mwaka 2004 Akira Ono na Humika Togashi wa Japani, nchi iliyoutambua ugonjwa wa Minamata mwaka 1956, walitumia uzi wenye herufi T nyingi. Zebaki hushika T mbili pamoja, uzi hujikunja, na mng'aro hufifia badala ya kuzidi.

Msinifahamu vibaya, ndugu zangu. Kipimo hiki huona madini yaliyoyeyuka tu. Hakioni chembe za rangi ya ukuta, na maji machafu huweza kukipoteza. Maabara ya Mkemia Mkuu bado yahitajika.

Kwa hiyo wavuvi na mafundi wa betri twawaomba: risasi iyeyushwe nje, mbali na watoto, na chombo chake kisirudi jikoni. Mwenye shaka na kisima chake na aulize kwanza maabara namna ya kuchukua sampuli, kwani chupa isiyo safi huharibu majibu.