Mashindano ya Intaneti ya Angani: Tununue kwa Umoja
(Hotuba mbele ya wanachama wa tawi, Nyeri)



Leo twataka kusema habari za intaneti ya setilaiti, kwa maana wengi wenu mmeuliza kama yafaa kununua dishi. Sisi wa reli ya Nanyuki twakaa mbalimbali: Karatina, Kiganjo, Naro Moru, na huko Kieni ambako nyumba moja iko mbali na nyingine. Faiba imefika mijini, lakini mabondeni hata simu hutafuta mtandao. Na siku hizi mambo ya serikali, ya matibabu na ya shule za watoto hushughulikiwa kwa intaneti. Asiye nayo hupoteza siku ya kazi na nauli ya mjini.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Setilaiti za zamani hukaa kilomita 36,000 juu ya dunia, ndiyo sababu majibu yake huchelewa. Za Starlink huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, karibu sawa na urefu wa reli ya zamani toka Mombasa hadi Nairobi. Kwa hiyo majibu hurudi upesi.

Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023. Mwaka 2024 ikatoa gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, na dishi la kukodi kwa shilingi 1,950. Julai mwaka huo Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za peke yake, bali zifanye kazi pamoja na kampuni zenye leseni hapa nchini. Septemba ikaongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei. Wazee husema fahali wawili wakipigana nyasi huumia. Safari hii nyasi zilipumua. Hata asiyenunua dishi alifaidika.

Lakini ndugu zangu, tusilale. Yako mambo matatu.

La kwanza, bei ya tangazo si bei yote. Mwaka 2024 shilingi 1,300 na 1,950 zilikuwa 3,250 kila mwezi, na umeme ni juu yako. Tena dishi hutaka anga wazi: mkaratusi ukisimama mbele yake, mtandao hukatika.

La pili, nafasi ina kiasi chake. Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa watu walikuwa wamejaa kama behewa la sikukuu.

La tatu, wanaoshindana leo, kesho huenda wakala meza moja. Mwaka 2023 Vodafone na Vodacom, ambao wana hisa katika Safaricom, walipatana na Amazon kutumia setilaiti zake kufikisha mtandao wa simu mahali pa mbali. Mei 2025 Airtel Africa ikapatana na SpaceX, wenye Starlink. Mapatano si kosa. Lakini wakubwa wakipatana, nani atatetea bei ya mnunuzi mdogo?

Basi twasema hivi. Mwenye faiba mlangoni asiiache kwa sababu ya tangazo. Aliye mbali asikimbilie dishi peke yake. Tuhesabu, kituo kwa kituo, nyumba zinazohitaji. Kisha twende kwa kampuni zote kwa sauti moja, tudai majibu kwa maandishi: bei ya mwezi, bei ya dishi, na kama nyumba mbili zaruhusiwa kutumia dishi moja.

Kadhalika chama kiiandikie Mamlaka kwamba mlango wa mashindano usifungwe, wala bei isishushwe kwa kukata mishahara ya wale wanaochimba mitaro ya faiba na kupanda minara. Hao ni wafanya kazi kama sisi.

Mshahara hatuudai mmoja mmoja. Na bei tusiipatane mmoja mmoja. Kila kituo kimpe katibu wa tawi majina yake kabla ya mwisho wa mwezi.