MAZUNGUMZO YA WAPISHI: TUMERUDI KWENYE DAFTARI
(Yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokosa.)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme machache juu ya kazi ya jikoni. Wengi mlitazamia tuombe sufuria mpya. Sufuria tutaomba siku nyingine, na tutaomba kweli. Leo tunataka kusema habari ya daftari.

Sisi wapishi tu watano. Siku za kupima alizeti na mahindi tunalisha wapakiaji, makarani na wanachama watokao mbali, na siku kama ya leo tunawalisha ninyi nyote. Ninyi mnaona moshi, halafu mnaona sahani. Katikati hapo kuna hesabu, na hesabu hiyo kwa miaka mingi ilikaa kichwani mwa bibi yetu aliyekuwa mpishi mkuu. Yeye alijua maharage ya nani yanawahi kuiva, nani asipewe karanga, kuni zipi zinatoa moshi wa kuua macho. Alipofariki tulimzika kwa heshima zote. Siku ya mkutano uliofuata tukasimama mbele ya sufuria ya watu 80, tunatazamana.

Hapo ndipo tulipoanza tena kuandika. Tunasema tena, kwa sababu kalamu siyo ngeni kwa wapishi wa kijiji. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama zetu waliingia darasani na watoto mgongoni. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai: watu wakakaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kukata shauri la kutenda. Wazee mliopo mnakumbuka. Lakini mkono usioandika hukakamaa kama ugali wa jana. Wengine wetu tulimaliza darasa la saba, na tangu hapo kalamu tuliishika siku ya kutia sahihi tu.

Sasa basi, kila jioni tukishaosha vyombo tunakaa, tunaandika. Siyo mengi. Tumepika nini, kiasi gani, wamekula wangapi, kimebaki nini. Chini yake tunaandika mstari mmoja: kesho tunakusudia nini.

Mstari huo ndio ulitutoa jasho. Kilo za maharage zinaandikika. Lakini kuulizwa kesho unakusudia nini, jamani! Mpishi amezoea kuambiwa: watu wameongezeka 20, ongezeni maji. Wiki ya kwanza sote tuliandika "kupika". Wiki ya pili mwenzetu akaandika: "Nitaloweka maharage kabla ya kulala, niamke saa kumi na moja badala ya saa tisa." Akafanya hivyo. Maharage yaliyolala majini yaliiva mapema, kuni zikapungua, naye akapata masaa mawili ya usingizi. Mwingine akaandika kwamba atakula chakula chake amekaa chini, siyo kuonja onja amesimama na mwiko mkononi mpaka jua linazama. Mnacheka, lakini leo mkirudi nyumbani hebu waulizeni mama zenu, ni lini mara ya mwisho walikula wamekaa.

Kijana mmoja alituuliza kwa nini tusiandike kwenye simu. Wapo wetu wenye simu. Ila simu ni ya mtu, akienda msibani inaenda naye. Daftari linabaki jikoni.

Tuje kwenye jambo lenyewe lililotuleta hapa mbele. Tunaandika pia kila gunia linaloingia jikoni: tarehe, limetoka kwa nani, mahindi au karanga zilianikwa juu ya nini. Mwanachama mmoja amechukia, eti tunamwandika kama mwizi. Hapana, ndugu yetu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa au hazikutunzwa vizuri, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Wala huwezi kuitambua kwa kuonja. Mpishi hodari kuliko wote hana ujanja nayo. Kinga yake iko shambani, iko kwenye turubai la kuanikia, iko ghalani. Sisi jikoni tunachoweza ni kujua gunia limetoka wapi, ili likitiwa shaka liondolewe lile na mengine yaliyotoka nalo, watu wasiendelee kula.

Msimu huu tulikataa gunia moja la karanga lililokuwa na ukungu. Tuliambiwa tuchambue nzuri tuache mbaya, kwamba tunaharibu mali ya ushirika. Hatukuchambua. Tuliandika tarehe na sababu, na gunia halikupikwa. Maneno yamesemwa mengi tangu siku hiyo, mengine barabarani, mengine kanisani na msikitini. Tunaomba mkutano huu uamue leo: gunia lisiloandikwa lisiingie jikoni, hata likiwa la mjumbe wa Halmashauri. Mkikataa, tutaendelea kuandika, ila tutaandika pia kwamba mlikataa.

Daftari la kwanza limebakiza kurasa nne. Tunaomba Katibu atununulie jingine lenye jalada gumu, maana mvuke unalainisha haya ya shule, na kalamu mbili za wino wa bluu. Linakaa kwenye rafu juu ya pipa la unga. Anayetaka kulisoma aje wakati wowote, ila anawe mikono kwanza.

Wapishi wa Ushirika