Rejista ya Chekechea: Nani Yumo, Nani Hayumo?



Leo sizungumzii siasa za Nairobi. Nataka tuangalie kitu kidogo: rejista ya chekechea katika shule ya umma hapa mtaani kwenu, iwe Manyatta, Nyalenda, Kaloleni au Kibos. Lile daftari ambalo mwalimu hulifungua asubuhi na kuita majina. Mtu akitaka kujua shule inahitaji walimu wangapi na madawati mangapi, anaanzia hapo. Mtoto ambaye hajaandikwa, kwa mpangaji hayupo.

Tuwekane sawa kwanza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti kazi ya elimu ya chekechea. Kwa hiyo ukikuta PP1 watoto wameketi chini, usimrukie mwalimu mkuu. Nenda kaunti, nenda kwa mwakilishi wadi wako. Alikuomba kura, si ndiyo?

Sasa, ndani ya daftari hilo kuna akina nani? Tangu reli ifike hapa 1901, Kisumu imekuwa mji wa mchanganyiko. Waluo ndio wengi, na kati yao wamo Waislamu. Kuna Wanubi, Wasomali, Waswahili, Wahindi. Lakini sisi wenyewe tuna kasoro moja. Kuna wazazi humweka mtoto duksi peke yake mpaka miaka sita au saba, kisha wanamleta shule akute wenzake wa miaka minne walishajifunza kushika kalamu. Duksi haina kosa hata kidogo. Mombasa, miaka ya 1980, Waislamu walianzisha chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, dini na masomo chini ya paa moja. Yaani inawezekana, na ilifanywa na watu kama sisi.

Kikwazo kingine ni cheti cha kuzaliwa, na hapa nitakaa kidogo. Mtoto anatakiwa kusajiliwa ndani ya miezi sita. Ukipitisha hapo ni usajili wa kuchelewa, karatasi juu ya karatasi. Mama wa Kinubi anaijua hiyo safari kuliko mimi. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, na ulihusu watoto wa Kinubi wa Kenya. Ilisema serikali ilivunja haki yao ya uraia, ikawabagua, na hilo likawagusa mpaka kwenye afya na elimu. Kesi ya kwanza ya bara zima, jamani, na ni ya watoto wetu! Halafu Februari 2020 maelfu ya Wanubi wa Kibos wakabomolewa nyumba kwenye ardhi ya reli. Mtoto aliyelala nje usiku, kesho yake nani atamwita jina darasani?

Na mkiambiwa mtoto hawezi kupokelewa kwa sababu ya dini yake au kabila lake, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza. Mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni.

Kazi yenu wiki hii: wawili wawili, piteni nyumba kwa nyumba kwenye mtaa wenu, muandike watoto wa miaka minne na mitano, nani anasoma, nani yuko nyumbani na kwa nini. Ombeni ruhusa ya mzazi, msipige picha watoto. Kisha andikieni kaunti, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, muulize kila chekechea ya umma katika wadi yenu ina wavulana wangapi, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi, walimu wangapi. Wana siku 21 za kujibu. Barua inaruhusiwa kuwa ya Kiswahili, kwa hiyo asije mtu akasema Kiingereza kilimshinda. Nakala moja mgongeshe muhuri, mrudi nayo.