Nani Atawafundisha Watoto Wetu Kusali?

Maneno ya katekista wa Nyamuswa mbele ya waumini na walimu, siku ya jubilei



Ndugu zetu wapenzi, nanyi walimu wa shule mliokuja kushangilia pamoja nasi. Tumeagizwa kusema neno juu ya kuishika dini katika nyakati hizi, ambazo watu wengi huishi kana kwamba Mungu hayuko. Sisi si wanachuo wakubwa. Kazi yetu ni kufundisha katekisimu. Basi tutasema yale tuliyoyaona.

Kwanza tukumbuke ya kwamba maisha pasipo sala ni mageni katika nchi hii. Wazee wa Ikizu hawakumjua Kristu, lakini hawakudhani kuwa mvua huja yenyewe. Hata utemi wao ulishikamana na mambo ya mvua. Mapadre Weupe walipojenga misheni ya Nyegina mwaka 1911 hawakukuta watu wasioomba. Walikuta waombaji, wakawaonyesha wa kumwomba. Wala hawakufanya haraka, maana kwa agizo la Kardinali Lavigerie mtu alifundishwa na kujaribiwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Siku hizi watoto wetu hubatizwa wangali wachanga, na hilo ni jema. Lakini mafundisho ya miaka ile minne hayakufutwa. Yaliwekwa mikononi mwa wazazi. Nasi wazazi tukayapeleka shuleni.

Kwa muda mrefu shule iliupokea mzigo huo. Mara nyingi mtu yule yule aliyefundisha hesabu siku za kazi ndiye aliyeongoza sala kigangoni siku ya Bwana. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule nyingi za misheni zikawa za serikali. Hatulalamiki. Shule ya serikali ni ya watoto wote, wa Wakristu, wa Waislamu, na wa wale wanaoshika mila za mababu, wala si haki impendelee mmoja na kumwacha mwingine. Kipindi cha dini kimeachwa, nasi twashukuru. Ila kipindi cha dini, hata kikifundishwa na malaika, hakiwezi kuzaa desturi ya nyumba.

Wako wanaosema, ‘Shule zote za misheni zirudishwe, na imani itarudi.’ Sisi tuna shaka na neno hilo, ijapokuwa sisi wenyewe tulilelewa na shule ya misheni. Mtazameni jirani yetu wa Uzanaki, Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1934 alianza masomo Mwisenge, pale Musoma, katika shule isiyokuwa ya misheni. Kisha akapelekwa Tabora, nayo ilikuwa shule ya serikali. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa na wake wengi wala hakuwa Mkristu. Basi imani aliipata wapi? Aliandamana na mwanafunzi mwenzake kwenda kusikiliza mafundisho ya dini, akayapenda, akavumilia miaka mingi, na Desemba 1943 akabatizwa Nyegina, baba yake akiwa amekwisha fariki. Hata alipokuwa mkuu wa nchi hakuigeuza serikali kuwa mali ya Kanisa. Alishika ya kwamba serikali haina dini, raia ndio wenye dini. Na yeye mwenyewe akasikiliza Misa asubuhi kama muumini mwingine yeyote. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanza kazi ya kuyachunguza maisha yake, ili ikimpendeza Mungu atajwe mwenye heri. Mtu huyo, aliyetoka katika shule zisizo na msalaba ukutani, alivutwa na rafiki aliyemwambia, ‘Twende.’

Nasi tusijifiche nyuma ya mifano ya wakubwa. Kwa miaka mingi jioni zetu zilikwisha vigangoni, tukiwafundisha watoto wa wenzetu, na nyumbani tukauacha msalaba wa ukutani utufanyie kazi. Mzaliwa wetu wa kwanza akaenda kusoma Mwanza. Aliporudi likizo ya Noeli tukaketi kula, naye akashika tonge bila ishara ya msalaba. Tukamkemea mbele ya wadogo zake. Akajibu kwa adabu, bila kuinua sauti:

‘Baba, shikamoo mlinidai kila asubuhi, nami siisahau hata huko mjini. Sala hamkunidai.’

Tonge likatukwama kooni. Maana ni kweli: mtoto wa Nyamuswa hafundishwi shikamoo kwa kitabu. Bibi yake humsukuma mgongoni mgeni anapoingia, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka neno litoke lenyewe. Hakuna mzazi amngojaye mwalimu kwa jambo hilo, wala aisemaye serikali vibaya mtoto wake asipoamkia.

Basi tukaanza upya, kwa aibu kidogo. Saa mbili usiku simu zote hutiwa kikapuni, ya baba ikitangulia. Na hiyo, Padre atusamehe, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Twasali fumbo moja tu la Rozari, maana wadogo husinzia. Mwanzoni walinung’unika. Sasa tukichelewa, wa mwisho huleta kikapu mwenyewe na kukishika mbele yetu kama mkusanya sadaka. Nanyi walimu, mkiulizwa na mtoto kwa nini watu husali, msimfukuze aende kwa katekista. Mwambieni ninyi mwasali saa ngapi.

Yule wa Mwanza bado haendi kanisani kila Jumapili, wala hatutamsingizia mbele yenu kwamba amegeuka. Lakini Jumamosi hupiga simu saa mbili hiyo hiyo, akijua tunasali. Mama yake huitoa simu kikapuni, huiweka juu ya meza, naye hungoja kimya mpaka tumalize.