Rili za Kale na Mnunuzi Kijana

Mazungumzo yaliyotolewa Malindi mbele ya wakusanyaji wa vifaa vya kale vya uvuvi



Barua yenu iliuliza swali moja: tufanye nini ili vijana nao waipende burudani hii ya kukusanya rili za kale? Mngeweza kumwita mwanahistoria, au nahodha mstaafu aliyekwisha kuvua kila aina ya samaki. Badala yake mmemwita afisa wa mamlaka inayowalinda watumiaji wa bidhaa. Nadhani wenyewe mnahisi kwamba sehemu kubwa ya jibu iko pale kitu kinapouzwa na kununuliwa.

Kwa wageni walio nasi leo nieleze kwanza kwamba rili ni kile kifaa cha mviringo kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, ambacho mshipi huzungushiwa ndani yake. Mvuvi huzungusha mkono wake ili kumvuta samaki, nayo breki yake humzuia samaki asikimbie na mshipi wote. Rili za kale ni zile zilizotengenezwa miongo mingi iliyopita, kwa shaba, kwa nikeli au kwa mpira mgumu mweusi, nyingine kwa alumini.

Husemwa kwamba vijana wa leo hawapendi kitu kisichokuwa simu. Mimi nina miaka 28, na siyaamini maneno hayo. Kijana hupenda kujua kitu kinafanyaje kazi, na rili ni ndugu ya saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Paris ulioko jimbo la Kentucky nchini Marekani, aliyeanzisha ufundi wa rili zenye gia zilizosifika sana alikuwa George Snyder, fundi saa na sonara. Rili za Mitchell za Ufaransa zilitoka Cluses, mji wa mafundi saa. Kampuni ya ABU ya Uswidi ilianzishwa mwaka 1921 kwa kazi za saa na mita za teksi kabla ya kuingia katika vifaa vya uvuvi. Nayo Zebco ya Tulsa, Marekani, iliyoanza kutengeneza rili mwaka 1949, ilikuwa kampuni ya mabomu yenye saa, yaliyotumika katika visima vya mafuta. Mweleze kijana habari hizo huku akiwa na bisibisi mkononi, kisha uone kama ataikumbuka simu yake.

Wala vifaa hivi si vigeni kwetu kabisa. Mwaka 1905 samaki aina ya trauti walipandikizwa katika mito ya Aberdare, na waliowavua walikuja na fimbo na rili zao kutoka Uingereza, nyingine za Hardy ya Alnwick, nyumba iliyoanza kazi mwaka 1872. Hapa Malindi, Ernest Hemingway alivua mwanzoni mwa mwaka 1934. Miaka miwili baadaye kampuni ya Penn ya Philadelphia ilitoa rili yake ya bahari kuu iitwayo Senator, ambayo mabaharia wa pwani hii waliijua kwa jina na kwa uzito wake. Ndiyo maana hadi leo rili za kale hupatikana makabatini na katika stoo za nyumba zetu.

Babu yangu alikuwa baharia katika mashua za kuwapeleka watalii kuvua. Mgeni mmoja alimwachia Senator iliyokuwa imeanza kukwama. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mashua kupumzika, Babu alikuwa akitandika mkeka barazani na kuifungua. Kila skrubu ilipotoka aliiweka kwenye mkeka kwa mpangilio wake, nami nilikatazwa kugusa mpaka niweze kumtajia kila kipande kinafuata kipi. Nilipoweza, aliniachia niirudishe mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Sikuvutiwa na uzee wa rili ile wala na thamani yake. Nilivutiwa kwa sababu niliaminiwa kuifungua.

Baada ya Babu kufariki, alipita mtu anayenunua vitu vya zamani. Bibi hakujua chochote kuhusu bei, naye mnunuzi hakumwambia chochote. Rili ilitoka nyumbani kwa fedha za kununulia unga. Nalitaja jambo hili kwa sababu tunapozungumzia haki sokoni, aghalabu humfikiria mnunuzi peke yake. Mjane anayeuza asichokijua naye anastahili kuambiwa ukweli.

Nilipoanza kazi, mshahara wangu wa pili niliutumia kujinunulia rili. Niliipata mtandaoni, kwa muuzaji aliyeisifu kuwa ni ya Uingereza, ya zamani sana, na kwamba kila kipande chake ni cha asili. Picha zilimetameta. Ilipofika, nikaifungua kama Babu alivyonifundisha. Bamba la upande mmoja lilikuwa na alama ya kampuni iliyotajwa, lakini gia zilitoka katika rili nyingine. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuliwa na bisibisi isiyo kipimo chake. Mguu wake, yaani kile kibamba kinachokaa kwenye fimbo, ulikuwa umepunguzwa kwa tupa. Mng'ao ule wote ulitokana na kusuguliwa kwa dawa mpaka rangi ya asili ikaondoka.

Wazee wangu, nilikuwa afisa wa kulinda wateja, na nilinyamaza. Niliona haya kusema kwamba nimedanganywa katika jambo ambalo ni kazi yangu. Miaka mitatu sikununua rili nyingine. Kama mimi nilinyamaza, je, mwanafunzi aliyejinyima chakula cha mchana ili anunue rili yake ya kwanza atasema? Hatasema. Ataiweka chini ya kitanda, na hamtamwona hapa. Kisha tutakaa tukisema vijana hawapendi vitu vya kale.

Hili ndilo neno langu kuu leo. Kijana hapotei kwa kukosa hamu. Hupotea katika ununuzi wake wa kwanza. Mkitaka abaki, ulindeni ununuzi huo.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo, na haki ya kulindiwa masilahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu kile anachokiuza. Kuiita rili ya asili ilhali imeunganishwa kutoka rili tatu ni maelezo ya kupotosha. Uzee wa kitu si kisingizio: kitu cha kale kinaweza kuuzwa kikiwa na kasoro zake zote, mradi kasoro hizo zisemwe.

Kwa hiyo, nawaomba ninyi wakusanyaji wenye uzoefu, ambao wengi wenu pia huuza, mfanye mambo matatu.

Kwanza, andikeni. Kila rili mnayoiuza iambatane na karatasi moja yenye jina la mtengenezaji, namba au alama zilizomo, kipande kilichobadilishwa, mahali palipong'arishwa au kupakwa rangi upya, na bei mliyokubaliana. Kama hamjui mwaka wake, msiubuni. Acheni nafasi hiyo wazi. Karatasi hiyo itamlinda mnunuzi, na itawalinda ninyi siku ya ubishi.

Pili, fungueni. Muuzaji anayekataa rili ifunguliwe mbele ya mnunuzi ana jambo analolificha, au anaonekana kuwa nalo, na sokoni hayo mawili huleta hasara ileile. Tengeni meza moja katika mikutano yenu, wekeni mkeka na bisibisi za vipimo sahihi, na mmruhusu kijana afungue na kufunga. Meza hiyo itavuta vijana wengi kuliko maonyesho ya kabati la kioo.

Tatu, anzieni na vya bei nafuu. Msimwonyeshe kijana rili ya shaba ya karne ya 19 kama mlango wa kuingilia. Mitchell 300 ilitengenezwa kwa wingi mno, na rili nyingi za Penn vilevile. Kwa sababu ya wingi huo bei zake huwa za chini, vipuri hupatikana, na kosa la kujifunzia halimtii mtu umaskini. Tena rili haidai nafasi: kijana anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga hawezi kukusanya makabati ya Lamu, lakini rili sita hukaa katika droo moja.

Sasa niseme na kijana mwenyewe, popote atakaposoma maneno haya.

Kabla ya kulipa, omba picha za pande zote, za mguu, na za ndani. Zungusha mkono, usikilize kama gia zinakwaruzana. Tazama vichwa vya skrubu, kwani huonyesha ni mikono ya namna gani iliyopita hapo. Linganisha alama ya mtengenezaji na mifano iliyothibitishwa. Wakusanyaji wa Marekani wana chama chao, ORCA, kilichoanzishwa mwaka 1990, na mijadala yao imeeleza mengi kuhusu aina na miaka ya rili. Usivutiwe na mng'ao, maana kwa wakusanyaji rangi ya asili iliyochakaa huthaminiwa kuliko shaba iliyosuguliwa juzi. Hifadhi tangazo, ujumbe wa simu na risiti ya malipo. Ukikuta umedanganywa, mwandikie muuzaji mapema, ueleze kasoro na unachotaka. Asipojibu, tuletee malalamiko. Usione haya kama nilivyoona mimi.

Lipo onyo moja ambalo silisemi kwa utani. Baadhi ya rili za zamani za Uingereza zina vishikio vya pembe za ndovu. Wakati zilipotengenezwa, Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia pembe, na huenda kishikio unachokiona ni cha ndovu wa bara letu hili. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe, na mwaka huohuo nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Uingereza ina sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inayoruhusu vitu vichache tu kuuzwa, kama vile vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10, na hivyo navyo ni lazima visajiliwe. Lakini kuuzwa kihalali huko hakukupi ruhusa ya kukiingiza kitu hicho hapa. Chini ya sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki pembe bila kibali ni kosa zito. Vishikio vingine vimetengenezwa kwa plastiki ya zamani inayofanana sana na pembe. Basi uliza kwa maandishi kimetengenezwa kwa nini, na kama jibu halieleweki, usinunue. Ukikikuta katika mali ya urithi, iarifu KWS kabla ya kukisogeza popote.

Mwisho ni utunzaji, kwani hewa ya pwani haina huruma. Rili iliyotumika baharini isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe, na itiwe mafuta kidogo. Usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi, hata kama mkoba huo ni mzuri kiasi gani. Ngozi hushika unyevu, nao hula chuma. Weka mkoba kando, na rili mahali pakavu penye hewa.

Bwana Mwenyekiti, ile rili niliyouziwa bado ninayo. Nimekuja nayo leo, na baada ya mazungumzo haya nitaiweka mezani. Kwa mkusanyaji haina thamani, lakini makosa yote niliyoyataja yanaonekana ndani yake, na kijana yeyote anakaribishwa kuifungua. Bisibisi ninazo. Namwomba jambo moja tu: kila kipande akitoacho akiweke kwa mpangilio wake.